Unalilia Wino? Maelezo ya Sababu ya Watu Kupenda Picha za Kuchora za Kijapani

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu macho ya kutazama na moyo wa kuzingatia; na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Katika mambo yaliyoenea sana zama hizi ni mapenzi ya watu, khasa vijana, kwa picha za kuchora ziendazo zitokazo nchi ya Japani. Watu wa mjini huziita katuni, na wazipendao huziita anime. Zilianza kuonekana katika televisheni, zikaingia katika vibanda vya video, na sasa zimo katika simu, ambayo kijana huilaza juu ya mto karibu na sikio lake. Wazee wengi huziita upuuzi, na hapo maneno yao hukoma. Lakini jambo linalowakalisha watu wenye akili timamu saa baada ya saa, katika nchi zisizofahamiana lugha wala desturi, halitoshi kuitwa upuuzi tu. Tabibu asiyejua sababu ya homa hana haki ya kuagiza dawa. Na mlezi asiyejua sababu ya pendo la mwanawe hana njia ya kulikataza wala ya kulielekeza.

Na kwa kuwa mfano hukaribisha maana, achukuliwe mtu mmoja wa pwani, mzaliwa wa Tanga, ambaye riziki yake ilimpeleka Iyunga, katika mji wa Mbeya. Iyunga iko upande wa magharibi wa mji, kwenye njia kuu iendayo Tunduma na Zambia, na huko ndiko iliko stesheni ya TAZARA, ile reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Watu wa pwani waliokwenda huko kwa kazi ya reli, ya magari au ya biashara waijua baridi yake: mwezi wa Julai mtu wa Tanga hujifunika mablanketi mawili, na meno yake yakagongana vile vile. Usiku mmoja wa baridi hiyo baba huyu alirudi kazini, akamkuta mwanawe wa miaka 15 amejifunika gubigubi, simu mkononi, na machozi yanamtiririka. Juzuu aliyoambiwa aidurusu ilikuwa mezani, imefungwa. Baba akainama akatazama kioo cha simu, akaona mtoto wa kuchorwa amembeba mgongoni dada yake mdogo. Akasema kwa ukali, "Mwanangu, unalilia wino?" Kijana akapangusa uso wake, akajibu kwa adabu, "Baba, si wino ninaoulilia." Baba akaichukua simu akaizima. Lakini lile jibu hakuweza kulizima, akalala nalo.

Maneno hayo mawili ndiyo mas-ala yenyewe. Baba alisema kweli: kilichokuwa katika kioo kile si mtoto, hakuzaliwa, hakuona njaa, wala hana roho ya kutoka. Na kijana naye alisema kweli: hapana mtu aliaye kwa ajili ya wino, kwani wino umo katika kila daftari la chuoni na hajapata kuonekana mtu akiulilia. Basi ikiwa wote wawili wamesema kweli, ni kitu gani hicho kipendwacho na kuliliwa, ambacho si wino wala si mtoto wa kweli?

Filamu aliyokuwa akiitazama kijana wa mfano huu ipo. Kwa Kijapani yaitwa Hotaru no Haka, maana yake Kaburi la Vimulimuli, nayo ilitolewa mwaka 1988. Aliyeiongoza ni Isao Takahata, na asili yake ni hadithi iliyoandikwa na Akiyuki Nosaka mwaka 1967. Yasimulia khabari ya Seita, kijana wa miaka 14, na dada yake Setsuko, wa miaka 4, katika mji wa Kobe mwaka 1945, ndege za Marekani zilipoumiminia mji ule moto. Mama yao akafa kwa kuungua. Baba yao alikuwa katika manowari, asirudi. Wakapokewa na mwanamke wa jamaa yao, wakaonekana ni mzigo, wakaondoka, wakaishi peke yao katika handaki, wakikamata vimulimuli wawe taa yao usiku. Setsuko akafa kwa kukosa chakula. Seita naye akafa sakafuni mwa stesheni ya reli, na abiria wakipita ubavuni pake, huyu akigeuza uso, na huyu akisema maneno ya kuudhika.

Na waliotengeneza khabari hiyo hawakuizua hewani. Nosaka alifiwa na dada yake mdogo kwa njaa mwaka ule ule, akaishi na majuto kuwa hakumpa chakula kama ilivyompasa. Takahata naye alikuwa mtoto wa miaka 9 mji wa Okayama ulipopigwa kwa moto, akakimbia akaokoka. Kwa hivyo nyuma ya ule wino mlikuwa na watu wawili wenye nyama na damu, na kila mmoja ana maiti alizoziona kwa macho yake.

Hapa pana ajabu ipasayo kuzingatiwa na watu wa pwani. Katika vita hivyo hivyo Wajapani walikuwa maadui. Vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasa waliotiwa katika Keya walipelekwa Burma, wakapigana na Wajapani katika bonde la Kabaw mwaka 1944, ndani ya matope na homa, hata wakaufikia mto Chindwin. Na tarehe 12 Februari mwaka huo, meli Khedive Ismail, iliyong'oa nanga Mombasa ikiwa na askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi, wakafa watu wapatao 1,300. Lau wajane wa vita vile wangaliambiwa kuwa siku moja mjukuu wa watu hawa atajifunika blanketi Iyunga na kumlilia mtoto wa baharia wa Kijapani, wasingalisadiki. Bali jambo hilo limekuwa. Basi sababu yake ni lazima iwe kubwa kuliko upuuzi.

Wako wasemao kuwa watu hupenda picha hizi kwa kuwa ni ngeni. Hilo halithibiti, kwani ugeni huisha kwa siku chache, na mapenzi haya hudumu miaka. Wako wasemao ni kwa ajili ya rangi na kelele. Hilo huwafaa watoto wachanga. Lakini filamu ya vimulimuli ina giza na kimya kingi, na watu wazima huitazama mpaka mwisho. Na wako wasemao ni wasiwasi wa Shetani, kisha wakaufunga mlango wa fikira. Shetani hana uwezo wa kuumba kitu. Kazi yake ni kuiba kilichokwisha kuumbwa. Akimpotosha mtu kwa njia ya huruma, basi huruma ilitangulia kuwapo, nayo haikutoka kwake. Kwa hivyo hata mwenye kauli hii yampasa ajibu: ameiba nini?

Sababu ya kwanza iliyo ya kweli ni kuwa mchoro humwachia mtazamaji nafasi ya kuingia. Picha ya kamera ya mtu huwa ni ya mtu yule tu, na kila alama ya uso wake yasema, "Huyu ni fulani, wala si wewe." Lakini uso wa kuchorwa kwa mistari michache, macho mawili makubwa na mdomo kama nukta, si wa fulani yeyote, na kwa ajili hiyo waweza kuwa wa kila mtu. Kijana wa Kisafwa au wa Kidigo hauoni Ujapani ndani yake. Auona utoto tu. Na namna zinavyotengenezwa zazidisha jambo hilo. Filamu hupitisha picha 24 kwa kila sekunde moja. Lakini Osamu Tezuka, alipoanza mwaka 1963 kuonyesha katika televisheni khabari za mtoto wa chuma aitwaye Atomu, hakuwa na mali ya kuchora nyingi hivyo kila juma; akapunguza, na mtindo ukabaki, hata mara nyingi huchorwa picha 8 tu kwa sekunde, na kila moja ikarudiwa mara tatu. Basi mwendo uonekanao hauko wote katika karatasi. Sehemu yake jicho la mtazamaji ndilo liutiao. Na kama jicho litimizavyo mwendo usiokuwapo, kadhalika moyo hutimiza mtu asiyekuwapo. Na kila mtu hukipenda zaidi kile alichotia mkono wake katika kukitengeneza, kama mpishi apendavyo mchuzi wake.

Wala hilo si geni kwa Waswahili. Bibi akianza kusimulia, husema, "Hadithi njoo!" na watoto humwitikia, "Uwongo njoo, utamu kolea!" Tazama uaminifu uliomo katika maneno hayo. Msimulizi hamdanganyi mtu; autangaza uwongo mlangoni, na msikilizaji huukaribisha kwa khiari yake, kwa kuwa ajua kuwa katika kikapu cha uwongo ule mna kitu kingine ambacho si uwongo. Mdanganyifu ni yule asemaye uwongo akauita kweli. Na hadithi kama hizo husafiri zisizuiliwe na bahari. Sindibadi wa Alfu Lela Ulela, mtu wa Baghdadi aliyesafiri kutoka Basra, watu wa pwani walimjua tangu zamani. Mwaka 1975 kampuni ya Nippon Animation ya Japani ikamchora katika picha ziendazo, kisha picha zile zikatiwa sauti za Kiarabu, na watoto wa Ghuba, wakiwamo wa nyumba za Maskati zisemazo Kiswahili, wakaweza kumtazama akirudi kwao baada ya kuzunguka dunia. Hakuna aliyeuliza Sindibadi amekuwaje Mjapani.

Sababu ya pili ni kuwa nyingi katika khabari hizi zaonyesha mtu akijifunza. Iliyo mashuhuri ni Naruto, aliyoanza kuichora Masashi Kishimoto mwaka 1999, na ikaonyeshwa katika televisheni tangu mwaka 2002 hadi 2017. Ni khabari ya mtoto asiye na baba wala mama, aepukwaye na kijiji kizima, na wa kwanza kumwona kuwa ni mtu ni mwalimu wake. Hufeli, hurudia, hupigwa, husimama tena. Kila mwalimu wa chuo amjua mtoto huyu: ni yule aliyeshindwa na alifu kwa majuma mengi, watoto wakamcheka, kisha siku moja ulimi ukafunguka. Kijana asomaye na asijue kama kisomo chake kitampatia kazi. Amwonaye nduguye mwenye cheti akiuza vocha za simu kando ya barabara. Huyo aona katika picha zile ulimwengu ambamo juhudi haipotei bure. Haupendi ule ulimwengu kwa kuwa ni uwongo. Aupenda kwa kuwa moyo wake washuhudia kuwa hivyo ndivyo ingalipasa kuwa.

Sababu ya tatu husitiriwa zaidi kuliko hizo. Wanaume hufunzwa tangu udogo kuwa machozi ni ya wanawake. Basi huzuni zao hukaa ndani kama maji katika mtungi uliofunikwa. Mchoro huwapa kisingizio: mtu hulia kwa ajili ya Setsuko, na katika machozi yale mna marehemu wake mwenyewe aliyemzika bila ya kumlilia. Na wazee wasiwacheke kwa hilo. Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728, na mashujaa wake hawakuonwa kwa macho na yeyote katika waliousikiliza. Walikuwa ni sauti ya msomaji na nuru ya kandili. Hata hivyo wanaume walikesha wakisikiliza tenzi kama huo, na wakalia. Kilichobadilika ni kandili tu.

Sababu hizo tatu zikikusanywa, jibu la mas-ala hudhihiri. Kitu kipendwacho si wino, wala si uwongo. Ni kheri iliyofanywa ionekane: huruma ya ndugu kwa dada, subira ya mwanafunzi, imani ya mwalimu. Katika maisha ya kila siku kheri hizo huchanganyika na mambo mengi hata jicho likazipita. Mchoraji huondoa mengi, akabakisha hizo. Na moyo, ulioumbwa juu ya maumbile yaliyo sawa, huzitambua kama mtu atambuavyo sauti ya jamaa yake gizani. Raha ile ni ushahidi kuwa moyo haujafa. Na hicho ndicho ambacho Shetani, akiwamo, hukiiba.

Ama katika sharia, mambo mawili yasichanganywe: hukumu ya mchoraji na hali ya mtazamaji. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, alikuwa mkali katika kukataza kutengenezwa sura za viumbe wenye roho, zenye kivuli na zisizo nacho. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri na akafariki mwaka 1935, aliruhusu picha za kamera kwa hoja kuwa kamera hukishika kivuli tu, haiumbi sura. Lakini hoja hiyo haiwafikii wachoraji moja kwa moja, kwani hawa huchora kwa mikono yao. Na kwa hivyo wanazuoni wa zama hizi wamekhitilafiana, na kila mtu na amwulize mwalimu amwaminiye. Yasiyo na khitilafu ni haya: kutazama uchi hakuhalaliki kwa kuwa uchi ule umechorwa; na mwenye kutazama khabari kama Death Note, ambayo ndani yake daftari la mungu wa mauti humwua kila aandikwaye jina lake, yampasa ajue kwa yakini kuwa ajali ya mtu haimo mkononi mwa yeyote ila Aliyemwumba.

Juu ya furaha yenyewe ya kutazama, katika sira mna mizani mbili. Ya kwanza ni ya upole. Imepokewa kuwa bibi Aisha r.a. alikuwa na wanasesere, na katikati yao farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Mtume s.a.w. alipomwuliza khabari ya farasi yule wa ajabu, akajibu kwa kukumbusha farasi wa Nabii Suleimani, naye akacheka mpaka meno yake ya nyuma yakaonekana. Hakumkemea kwa kuwaza kitu kisichoonekana duniani. Na Wahabeshi walipocheza kwa mikuki msikitini, alimwacha atazame mpaka alipotosheka mwenyewe. Mizani ya pili ni ya ukali. Wafasiri wametaja kuwa Nadhr bin al-Harith alileta kutoka Fursi visa vya Rustam na Isfandiyar, akawa akivisimulia Makka ili watu wasiisikilize Qurani. Visa vile vilikuwa vya ushujaa, na huenda vilikuwa vitamu. Lakini vilifanywa pazia. Kwa hivyo kisa chaweza kuwa farasi wa mtoto na chaweza kuwa pazia la Nadhr, na mwenye kuvipambanua ni kile kinachotendwa baada ya kisa kwisha.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, ameeleza kuwa mchezo huustarehesha moyo ukapata nguvu za kazi, lakini udumuo huharibu. Akaufananisha na doa jeusi la urembo shavuni: moja hupamba uso, na yakienea uso wote huwa ni ulemavu. Hesabu yathibitisha maneno yake. Naruto peke yake ina sehemu 720. Kila moja ikichukua dakika 23, jumla ni saa 276, yaani siku 11 na nusu bila ya kulala wala kusali. Mwenye kutazama saa moja kila siku atamaliza kwa miezi 9, ambayo ni muda wa mtoto tumboni. Na apimwe kila mtu: miezi 9 hiyo imezaa nini?

Lakini kupotea kwa wakati si ugonjwa ulio mkubwa. Ulio mkubwa ni kuwa kheri ya kutazamwa haina gharama. Mtu amliliapo Setsuko, haombwi kikombe cha uji. Hapana mkono ulionyoshwa, hapana harufu ya jeraha, hapana mtoto atakayerudi kesho na kesho kutwa akiomba tena. Machozi yakishatoka, moyo huona raha kama mtu aliyelipa deni. Na deni halikulipwa. Ndipo mtu huweza kuwa na huruma nyingi usiku na ugumu mwingi asubuhi, asione kuwa pana kupingana, kwani huruma yake amekwisha kuitumia. Huku ndiko kule kuibwa. Mwizi hakuiondoa huruma moyoni. Aliielekeza pasipo na mtu wa kuipokea. Na filamu ile ile ya vimulimuli yalishuhudia hilo, kwani waliompita Seita stesheni hawakuwa majini. Walikuwa watu wa kawaida wenye haraka ya safari, na pengine kila mmoja wao alikuwa na kisa kilichowahi kumliza.

Msomaji atauliza: basi baba wa Iyunga afanyeje? Akiivunja simu, atakuwa amezima taa kwa sababu mwanawe amesomea chini yake kitabu kisichofaa. Na kijana atajifunza kuwa huruma ni jambo la kufichwa kwa baba. Akimwacha kabisa, atakuwa amemwacha mtu aliye na kiu anywe maji ya ndotoni. Iko njia ya tatu, nayo ni nzito kuliko zote mbili kwa kuwa yamtaka baba mwenyewe ainuke.

Katika mfano huu baba alikaa siku mbili. Usiku wa tatu, baada ya Isha, kijana alipokwisha kuisoma juzuu yake, baba akamrudishia simu, akasema, "Nionyeshe." Wakakaa wawili chini ya blanketi moja, wakatazama tangu mwanzo. Filamu ile yaanzia kwenye kifo cha Seita stesheni, na baba, ambaye kwa miaka mingi kazi yake ni ya stesheni, aliwatazama abiria wale waliopita zaidi kuliko alivyomtazama mtoto. Ilipokwisha hakusema neno kwa kitambo. Kijana akadhani amekasirika.

Kisha baba akasema, "Mwanangu, yule mtoto auzaye mayai ya kuchemsha stesheni siku ya treni, mwenye fulana ya kijani, jina lake nani?"

Kijana akasema, "Simjui, baba."

Baba akasema, "Wala mimi simjui. Mwaka wa tatu huu nanunua mayai yake."

Yatima kwa sharia ni aliyefiwa na babaye kabla ya kubaleghe, na Mtume s.a.w. mwenyewe alilelewa yatima. Hapana Mwislamu asiyejua hayo, wala hapana aliyehitaji Mjapani wa kumfundisha. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kuona ni kingine, na Mwenyezi Mungu humwonyesha mja kwa sababu aitakayo, hata iwe ni mchoro wa mtu asiyesali. Mwenye kuoneshwa hana udhuru wa kusema kuwa kioo kilitoka mbali.

Siku ya treni iliyofuata, baba na mwanawe walifika stesheni saa nzima kabla ya wakati wa zamu, kijana akiwa amechukua sweta lake la mwaka uliopita lililokwisha kumbana. Mtoto wa mayai alikuwa amekwisha kufika, ameketi juu ya ndoo yake iliyopinduliwa, mikono kwapani kwa baridi. Alipowaona akainuka upesi, akauliza, "Mangapi, mzee?" Baba akachuchumaa, macho yake yakawa sawa na ya mtoto, akasema, "Kwanza twambie jina lako."

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, na kwake ndiko kuongoka.